The Twilight Samurai au The Hidden Blade: Utazame Ipi Kwanza?

Mtu anayetafuta filamu ya mapenzi iliyowekwa katika siku za mwisho za samurai wa Japani hukutana upesi na majina mawili, yote ya mwongozaji mmoja, Yoji Yamada. La kwanza ni The Twilight Samurai ya mwaka 2002, ambayo Wajapani huiita Tasogare Seibei. La pili ni The Hidden Blade ya mwaka 2004, ambayo kwao ni Kakushi Ken: Oni no Tsume. Zinafanana mno. Kila moja ina samurai wa cheo cha chini anayeishi mbali na mji mkuu, mwanamke aliyeumizwa na ndoa mbaya, na amri ya wakubwa inayomtaka samurai huyo akamuue mtu ambaye hana ugomvi naye. Ndiyo maana wengi huona kwamba akitazama moja hana haja ya nyingine, na anayetaka kuchagua hajui achague kwa kigezo gani. Nimezitazama zote mbili zaidi ya mara moja, na naamini kigezo kipo: ni kile kinachowazuia wapendanao wasioane. Katika filamu ya kwanza kizuizi ni umaskini, na katika ya pili ni tabaka. Tofauti hiyo moja inabadilisha kila kitu, hadi namna upanga unavyochomolewa. Nitasimulia baadhi ya matukio kwa sababu bila hayo hakuna ulinganisho, lakini miisho nitawaachia watazamaji.

Asili ya hadithi ni moja. Zote zimetokana na kazi za Shuhei Fujisawa, mwandishi aliyezaliwa mwaka 1927 huko Tsuruoka, katika mkoa wa Yamagata, kaskazini mwa kisiwa kikuu cha Japani, na kufariki mwaka 1997. Fujisawa alibuni milki, yaani eneo linalotawaliwa na bwana mmoja, aliyoiita Unasaka, akaijenga juu ya kumbukumbu za milki halisi ya Shonai iliyokuwa na makao yake hapo Tsuruoka. Hiyo ni nchi ya mashamba ya mpunga na theluji nzito, na Yamada amewaacha wahusika wake waongee lafudhi ya huko. Masikio yetu hayawezi kuipata tofauti hiyo kama Mjapani anavyoipata, lakini Mswahili anayejua jinsi Kimvita au Kipemba kinavyomtambulisha msemaji kabla hajamaliza sentensi ya kwanza ataelewa kwa nini Wajapani waliguswa na samurai wanaoongea kama watu wa shamba.

Wakati nao ni mmoja. Mwaka 1853 meli nne za kivita za Marekani ziliingia katika ghuba ya Edo, mji ambao leo ni Tokyo, na utawala wa shoguni, mtawala wa kijeshi wa nchi, ukaanza kutetereka. Mwaka 1868 ulianguka. Mwaka 1871 milki za mabwana zikafutwa, na mwaka 1876 serikali mpya ikapiga marufuku kubeba panga hadharani na kukomesha posho ambazo samurai walikuwa wakizipokea vizazi kwa vizazi. Hadithi za filamu hizi mbili zinatokea kabla tu ya anguko hilo. Wahusika wanahisi kwamba kuna jambo linakuja bila kulijua, nasi tunaowatazama tunalijua, na sehemu kubwa ya huzuni ya filamu zote mbili inatoka katika pengo hilo.

Sasa tuje kwenye mapenzi yenyewe.

Shujaa wa The Twilight Samurai ni Iguchi Seibei, karani wa ghala la nafaka la milki, aliyeigizwa na Hiroyuki Sanada, yuleyule ambaye watazamaji wa leo wanamfahamu kama Toranaga katika tamthilia ya Shogun ya mwaka 2024. Mke wake amekufa kwa kifua kikuu, akamwachia mabinti wawili wadogo na mama mzee aliyepoteza kumbukumbu kiasi cha kumuuliza mwanawe yeye ni wa nyumba ipi. Posho yake ni koku 50. Koku moja ni takribani lita 180 za mchele, kiasi kilichohesabiwa kumtosha mtu mmoja kwa mwaka, kwa hiyo kwenye karatasi Seibei hana njaa. Lakini mchele huohuo ndio unaopaswa kulipa madeni ya ugonjwa na mazishi, kuni, dawa na nguo. Kila jioni, wenzake wanapokwenda kunywa, yeye huondoka moja kwa moja kwenda nyumbani kusuka vizimba vya wadudu vya kuuza. Kwa sababu hiyo wamembatiza jina la Tasogare, yaani Machweo. Nguo zake zimechanika, naye hapati muda wa kuoga. Siku moja bwana wa milki anakagua ghala, anasogea karibu naye, na anaisikia harufu yake mbele ya watu wote. Ni tukio fupi, lakini linaeleza aibu ya umaskini kuliko hotuba yoyote.

Tomoe, aliyeigizwa na Rie Miyazawa, ni dada wa rafiki yake tangu utotoni, na ametoka katika ndoa ya mume mlevi aliyekuwa akimpiga. Anaanza kuja nyumbani kwa Seibei kufua, kupika na kucheza na watoto, na nyumba iliyokuwa kama kaburi inapata kicheko. Kaka yake anamwambia Seibei wazi kwamba wangefaa kuoana. Hakuna sheria inayowazuia, hakuna ukoo unaopinga, na wote wawili wanapendana. Seibei anakataa. Anakumbuka kwamba marehemu mke wake alitoka katika nyumba yenye uwezo kuliko yake, na kwamba hakuwahi kuuzoea umaskini ule hadi alipokufa. Hataki kumtazama Tomoe naye akipitia hayo. Mtu anaweza kumlaumu kwa kumwamulia mwanamke jambo ambalo hakumwuliza, na mimi ni miongoni mwa wanaomlaumu, lakini namwelewa. Wanaume wengi wameacha kutamka neno la posa kwa sababu walihesabu kwanza kilicho mfukoni.

Tukio linaloibeba filamu nzima linatokea asubuhi ambayo Seibei anatakiwa kwenda kupambana. Hana mwanamke nyumbani wa kumsaidia kuvaa na kutengeneza nywele kwa utaratibu unaotakiwa, kwa hiyo anatuma mtu amwombe Tomoe aje. Tomoe anakuja. Anamchana, anamfunga nywele, anamsaidia kuvaa nguo za safari, na kwa muda mrefu hatusikii ila mikono inayofanya kazi. Ndipo Seibei, akijua kwamba huenda asirudi, anamwambia kwamba tangu utotoni alikuwa na ndoto ya kumwoa. Tomoe anamjibu kwamba amekwisha kukubali posa ya mtu mwingine. Hakuna anayelia kwa sauti, wala muziki hauinuki kutuambia tuhuzunike. Kwangu mimi ni miongoni mwa matamko ya mapenzi yaliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa katika sinema, kwa sababu yamechelewa kwa siku chache tu, na yamechelewa kwa kosa la msemaji mwenyewe.

The Hidden Blade inaanza na nyumba ya aina nyingine. Katagiri Munezo, anayeigizwa na Masatoshi Nagase, anaishi na mama yake, dada yake Shino, na Kie, binti wa mkulima aliyeletwa kuwa mtumishi wa ndani na kufundishwa adabu na kazi za nyumba ya samurai. Kie ameigizwa na Takako Matsu. Nyumba hii nayo ni ya hali ya chini, kwa sababu baba alijitoa uhai kubeba lawama ya kazi ya ujenzi wa daraja na ukoo ukashushwa hadhi, lakini ina furaha, na chanzo cha furaha hiyo ni Kie. Kisha Shino anaolewa, Kie anaolewa katika familia ya wafanyabiashara wa mafuta, na mama anafariki. Munezo anabaki peke yake katika nyumba iliyochakaa. Miaka kadhaa baadaye anakutana na Kie siku ya theluji, akiwa amekonda na uso umepauka. Na haupiti muda mrefu kabla hajasikia kwamba Kie amelala hoi kwa ugonjwa na kwamba wakwe zake wamemtupa chumbani bila matibabu, baada ya kumtumikisha kama punda.

Anachokifanya Munezo hapo ndicho kinachozitenganisha filamu hizi mbili. Anakwenda kwenye nyumba ile ya biashara, anapita mbele ya mama mkwe anayelalamika, anamkuta Kie katika chumba chenye giza, anamwinua, anambeba mgongoni na kuondoka naye barabarani mchana kweupe. Samurai hakutarajiwa kubeba mtu mgongoni kama mchukuzi, sembuse binti wa mkulima, sembuse mke wa mtu. Seibei angesimama mlangoni akifikiri juu ya gharama ya dawa. Munezo hafikiri kabisa, na matatizo yake yote yanaanza baadaye, Kie anapopona na kubaki nyumbani kwake. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mji mdogo haukosi midomo. Watu wanasema kwamba Katagiri amemweka kimada. Kumwoa hawezi, kwa kuwa yeye ni samurai na Kie ni mtu wa shamba, na mpaka huo hauvukwi kwa kupendana tu.

Hapa ndipo ninapoona The Hidden Blade ina jambo ambalo ile ya kwanza haina. Seibei na Tomoe wanaongea kama watu walio sawa. Walicheza pamoja wakiwa watoto. Munezo na Kie hawana lugha hiyo. Yeye ni bwana na Kie ni mtumishi, kwa hiyo kila anachokisema Munezo, hata akikisema kwa upole kiasi gani, kinaweza kupokelewa kama amri, na Kie hana njia ya kumwambia "nataka" au "sitaki" kwa kauli yake mwenyewe. Mwanamume mwenye moyo mzuri anafanyaje ili ajue kwamba anapendwa, na si kwamba anatiiwa tu? Filamu inalishikilia swali hilo tangu mwanzo, na inalitumia neno "amri" katika mazungumzo ya mwisho ya wawili hawa kwa ufundi ambao sitauharibu kwa kuunukuu.

Kuhusu mila zinazofifia, zinaonekana waziwazi zaidi katika The Hidden Blade. Mwalimu kutoka Edo amekuja kuwafundisha samurai wa Unasaka bunduki, mizinga na gwaride la kizungu. Tunawaona watu wazima waliolelewa kwa upanga wakifundishwa upya kutembea na kukimbia, wakikosea mguu na mkono kama watoto wa shule, huku wazee wakinung'unika kwamba silaha ya kuua kwa mbali haina heshima. Yamada anatuacha tucheke, kisha anatufanya tujute kucheka, kwa sababu bunduki zilezile zinarudi baadaye mahali ambapo wanaume wawili wenye ustadi wa hali ya juu walidhani kwamba upanga wao ndio utakaoamua. Katika The Twilight Samurai mabadiliko hayo yako mbali zaidi, kama radi ya mvua inayonyesha milima ya pili. Yanasikika katika maongezi ya watu juu ya Edo na Kyoto, na katika tukio moja tulivu ambapo binti mkubwa, anayesoma maandiko ya Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China, anamwuliza baba yake kwamba kushona kunamwezesha kutengeneza nguo, je, kusoma vitabu kutamfaa nini. Seibei anafikiri, anakiri kwamba faida yake si ya kuonekana haraka kama ya kushona, kisha anamweleza kwamba kusoma kutampa uwezo wa kufikiri, na kwamba mwenye uwezo huo ataishi hata dunia ikibadilika namna gani. Anayesema hayo ni mtu ambaye dunia yake imebakiza miaka michache tu.

Kuna ulinganifu mwingine ambao naona watazamaji wengi huupita. Katika filamu zote mbili, adui ambaye shujaa anatumwa kumuua ameingia matatizoni kwa sababu ya siasa za ndani za milki, na katika zote mbili desturi ya kujipasua tumbo ndiyo inayoonyesha jinsi utaratibu wa zamani ulivyooza. Katika The Twilight Samurai, Yogo Zen'emon anaamriwa ajiue kwa sababu alimtumikia kwa uaminifu kiongozi aliyeshindwa, naye anakataa. Anajifungia ndani na kungoja. Katika The Hidden Blade, Hazama Yaichiro, aliyekuwa mwanafunzi mwenzake Munezo kwa mwalimu mmoja wa upanga, ananyimwa hata ruhusa ya kujiua kwa heshima, na anafungiwa kizimbani kama mnyama. Mmoja anapewa heshima asiyoitaka, mwingine ananyimwa heshima anayoiomba. Ukizitazama filamu hizi kwa kufuatana, mambo hayo mawili yanaangaziana kwa namna ambayo hakuna filamu moja peke yake ingeweza kuifanya.

Wapenzi wa mapigano ni lazima waambiwe ukweli mapema. Kwa wale waliozoea filamu za upanga zilizosimuliwa na madijei wetu, ambamo stelingi huangusha watu 20 kabla ya kufika kwa mkubwa wao, zote mbili zitaonekana za polepole. The Twilight Samurai ina dakika 129 na The Hidden Blade ina 132, na katika kila moja mapambano ya kweli yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Lakini yanapokuja, yanatisha. Seibei anapambana na mume wa zamani wa Tomoe kando ya mto akiwa na fimbo tu dhidi ya upanga mkali. Pambano la mwisho linafanyika ndani ya nyumba yenye giza, baada ya wanaume wawili kukaa kitako na kusimuliana juu ya wake na watoto waliozikwa, mpaka mtazamaji anaanza kuamini kwamba huenda wasipigane kabisa. Kinachovunja maafikiano hayo ni siri ndogo ya umaskini wa Seibei kuhusu upanga wake, na sitaitaja. Kwa upande wa pambano moja moja, hili ndilo bora kati ya yote katika filamu hizi, na nafasi ile ya Yogo ilimpatia Min Tanaka, ambaye kazi yake ni mcheza dansi na hakuwa mwigizaji wa filamu kabla ya hapo, tuzo ya mwigizaji bora msaidizi ya Akademia ya Japani.

Katika The Hidden Blade pambano kubwa si kilele. Kilele ni kisu kidogo na mbinu ya siri iitwayo kucha ya zimwi, ndiyo Oni no Tsume ya jina la filamu, na kitendo kimoja cha kimyakimya ndani ya ngome ambacho hakidumu hata kwa muda wa kuvuta pumzi. Kitendo hicho kinatokana na dhuluma aliyotendewa mke wa Hazama na mkubwa mmoja wa milki, na hapa ni haki kumwonya mtazamaji: sehemu hiyo ni nzito, na anayetazama na watoto ajitayarishe. The Twilight Samurai nayo ina maiti za wakulima waliokufa kwa njaa zikielea mtoni, lakini kwa jumla ni filamu ambayo familia inaweza kuitazama pamoja, hasa kwa kuwa inasimuliwa na binti mdogo wa Seibei akiwa amekwisha kuzeeka, na mapenzi yake kwa baba yake yanaifunika hadithi yote.

Kwa upande wa sifa za kimataifa, ya kwanza ilikwenda mbali zaidi. Ilitwaa tuzo 12 za Akademia ya Japani, na ikateuliwa kuwania Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni katika sherehe za mwaka 2004. Zote mbili zilishindanishwa katika tamasha la Berlin, moja mwaka 2003 na nyingine mwaka 2005. Sidhani kwamba wingi wa tuzo uwe kigezo cha mtu anayetafuta filamu ya mapenzi. Ipo pia filamu ya tatu ya Yamada kutoka kwa Fujisawa, Love and Honor ya mwaka 2006, inayomhusu mwonja chakula cha bwana aliyepofuka na mke wake. Ni nzuri, na ni fupi kuliko hizi, lakini humo ndoa imekwisha kufungwa na mila hazijaanza kuyumba, kwa hiyo haijibu haja ya anayesoma ulinganisho huu.

Ushauri wangu ni huu. Anayetaka kuona mapenzi yakikua ndani ya nyumba yenye watoto, mgonjwa na chungu kisichojaa, na anayevumilia shujaa mwenye kusitasita, achague The Twilight Samurai. Anayetaka mapenzi yaliyozuiwa na jamii, mwanamume anayetenda kwanza, na Japani ya zamani ikibomoka mbele ya macho, achague The Hidden Blade. Kwa aliye na usiku mmoja tu na anatafuta hasa filamu ya mapenzi katika mila zinazokufa, hii ndiyo ninayompa bila kusita, ingawa kama kazi ya sanaa naiweka ile ya kwanza juu kidogo. Mwenye nafasi ya kutazama zote aanze na ya mwaka 2002. Atakapofika kwenye The Hidden Blade, Munezo atakwenda kumtafuta mwalimu wake wa zamani wa upanga, ambaye ameacha silaha na sasa analima, na mzee atakayeinua uso kumpokea ni Min Tanaka, yule Yogo wa nyumba ya giza.